Boss LS-2 kwa mpiga besi: inasawazisha viwango, haichuji masafa

Mpiga besi anakanyaga peda ya distosheni, gitaa la solo linabaki, kinanda kinabaki, besi inatoweka. Peda inalaumiwa, inauzwa, inanunuliwa nyingine, na hiyo nyingine nayo inafanya vilevile. Kasoro hapo huwa mbili, na masikioni zinafanana. Ya kwanza ni kiwango: peda inatoa sauti ndogo au kubwa kuliko besi ilivyokuwa kabla ya kukanyaga. Ya pili ni masafa: peda nyingi zilizoundwa kwa gitaa la kawaida hazishughuliki na sauti za chini. Tube Screamer ya Ibanez, kwa mfano, inaanza kupunguza ukuzaji wake kuanzia hezi 720 kushuka chini. Uzi wa E wa besi ukipigwa wazi ni hezi 41. Kuna umbali wa oktavi nne na zaidi hapo.

LS-2 ya Boss, peda ya kugawa sauti njia mbili na kuziunganisha tena, ambayo imekuwa madukani tangu miaka ya 1990, inatibu kasoro ya kwanza. Ya pili inaizunguka tu: inarudisha besi safi pembeni ya ile iliyopasuliwa, bila kuchuja chochote. Anayeinunua akiwa anaujua mpaka huo atakaa nayo miaka mingi. Asiyeujua ataiona imemdanganya ndani ya wiki moja.

Kisanduku ni kilekile cha Boss chenye kanyagio moja, ila kina matundu sita ya jeki: Input, Output, na jozi mbili za Send na Return, yaani A na B. Juu kuna nobu tatu. Mbili ni za kiwango, Level A na Level B, na ya tatu inachagua namna ya kufanya kazi, nafasi sita. Kwa besi nafasi inayostahili bei ni moja, A+B Mix↔Bypass. Ukikanyaga, sauti inagawanyika: njia A inapita kwenye distosheni, njia B inabeba besi safi, halafu zinaunganishwa kwenye Output. Nafasi nyingine zinafaa kwa kubadilisha kati ya peda mbili au kutuma sauti kwenye ampu mbili. Ya A↔B↔Bypass inaudhi jukwaani, kwa sababu kutoka A huwezi kurudi kwenye besi tupu bila kupita B kwanza. Katikati ya wimbo kanyago hilo la ziada linasikika.

Kuna mtego mmoja kabla ya chochote. Njia ya besi safi haijiungi yenyewe ndani. Lazima uchomeke kipande kifupi cha kebo kutoka Send B kwenda Return B. Bila hicho njia B iko kimya, na kifaa kizima kitaonekana kibovu.

Nobu za Level zinaanzia kimya kabisa hadi kuongeza desibeli 20, yaani kuzidisha volti mara kumi. Katikati ni takriban pale sauti inapotoka ilivyoingia. Takriban, ndiyo, maana alama zilizochapwa si kipimo. Jambo la kukumbuka ni kwamba nobu hizi ziko upande wa Return. Zinapima kinachorudi kutoka kwenye peda, hazipunguzi kinachoingia ndani yake. Ikiwa besi yako ina betri na inatoa sauti kubwa kiasi cha kupasua kompresa (peda inayobana sauti kubwa) iliyo kwenye njia A, Level A hata ukiifunga nusu, mpasuko utabaki, mdogo tu. Hapo dawa iko kwenye besi yenyewe au kwenye nobu ya ingizo ya hiyo peda.

Sasa hesabu ambayo wengi wanairuka. Ukiacha Level zote mbili katikati na kuchagua A+B Mix, sauti za chini, ambazo kwenye njia zote mbili ni wimbi lilelile, zinajumlishwa kuwa mara mbili. Hiyo ni desibeli 6 juu. Ukikanyaga, fundi mitambo anaona taa nyekundu kwenye mixa, anashusha besi, na ukiachia kanyagio besi inazama. Ili kukanyaga kusibadili ukubwa wa sauti, kila njia inapaswa kushushwa desibeli 6 kwanza, ndipo uongeze ile unayotaka itawale.

Masikio peke yake hayatoshi kupanga hili, kwa sababu sauti iliyopasuliwa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Multimita inayoweza kusoma milivolti za AC inatosha. Pakua programu ya simu inayotoa toni safi, iweke hezi 100, na utumie kebo inayochukua upande mmoja tu wa jeki ya simu (ukitumia plagi ya mono moja kwa moja, utaufupisha upande wa pili kwenye ardhi). Ingiza kwenye Input ya LS-2. Weka multimita kwenye volti za AC, kipimo cha chini kabisa ilicho nacho, uguse ncha na shina la plagi iliyochomekwa Output. LS-2 ikiwa na umeme lakini iko kwenye Bypass, panga sauti ya simu hadi mita isome milivolti 200. Kisha, kwa sasa, ondoa peda yenyewe kwenye njia A na uweke kipande cha kebo kama cha njia B. Washa A+B Mix, funga Level B kabisa, fungua A hadi mita isome 100. Funga A, fungua B hadi isome 100. Ukifungua zote mbili mita lazima isome 200. Weka alama ndogo ya kalamu ya rangi kwenye kila nobu. Hapo ndipo sifuri yako halisi.

Kisha rudisha distosheni kwenye njia A, iwashe, gain yake (nobu ya mpasuko) iwe chini kabisa ili toni isipasuke, na urudie: A peke yake 100, B peke yake 100, zote mbili pamoja. Somo la mita sasa litakuambia kitu ambacho ungekitafuta jukwaani miezi mitatu.

Ikisoma karibu 200, mambo ni sawa. Ikianguka karibu na sifuri, peda inageuza wimbi juu chini, na besi yako safi inafutwa na besi iliyopasuliwa. Busta za transista moja hufanya hivyo kwa asili ya sakiti yake. LPB-1 ya Electro-Harmonix ni mfano maarufu. LS-2 haina swichi ya kugeuza wimbi, na hili ndilo lalamiko zito kuliko yote juu yake. Kifaa cha kuchanganya njia mbili kisicho na swichi hiyo ni kama mizani isiyo na jiwe la pauni moja. Njia za kutoka ni kuweka ndani ya njia hiyohiyo peda nyingine inayogeuza, ili wimbi lirudi sawa, au kununua kichanganyaji chenye swichi, kama X-Blender ya Xotic. Hiyo ina swichi hiyo na nobu za treble na bass juu yake, ila ni ya njia moja tu.

Ikisoma katikati, tuseme 160, kuna ucheleweshaji. Peda ya kidijitali hubadilisha sauti kuwa namba na kuirudisha, na kazi hiyo inachukua muda. Milisekunde 2 kwenye hezi 100 zinazungusha wimbi nyuzi 72 kati ya 360 za duara, na jumla ya 100 na 100 inakuwa 162 badala ya 200. Hasara hiyo ni ndogo. Lakini peleka toni kwenye hezi 250 na mita itaanguka karibu na sifuri, kwa sababu hapo milisekunde 2 ni nusu ya wimbi kamili. Itaanguka tena kwenye 750, na 1250. Matundu haya ndiyo yanayofanya besi isikike kama inapigwa ndani ya bomba. Hakuna nobu ya kuyaziba. Peda ya kidijitali yenye nobu yake ya kuchanganya besi safi, iliyochanganywa ndani kwa namba, itumie hiyo, na LS-2 iachie peda za analogi.

Fazi (fuzz), yaani distosheni za zamani za aina ya Fuzz Face, zina mgogoro wa peke yake. Zimezoea kuunganishwa na pikapu za gitaa moja kwa moja, na Send ya LS-2 ina bafa, sakiti inayokaa katikati na kuzitenganisha na pikapu. Sauti inakuwa kali, na ile tabia ya kusafishika ukipunguza volyumu ya besi inapotea. Fazi ya namna hiyo iweke kabla ya kila kitu, na usiitarajie ichanganywe kupitia hapa.

Tukija kwenye masafa, LS-2 inakuacha peke yako, na kichujio kinakuwa peda ya pili ya lazima. Vichujio vinavyohitajika ni vitatu na kila kimoja kina mahali pake.

Cha kwanza kinakaa kwenye njia A, kabla ya distosheni, na kinakata chini. Sababu ni kwamba noti nzito ikiingia kwenye distosheni inakula nafasi yote na kuvuruga zile za juu, sauti inakuwa tope. Ukikata kuanzia hezi 150 hadi 250, distosheni inapasua zile za kati na kupanda tu, na uzito unabebwa na njia B. Peda ya kukata chini yenye nobu ya kuchagua masafa inayofika huko, na mteremko wa desibeli 12 kwa oktavi, inatosha. Angalizo: mteremko wa aina hiyo huzungusha wimbi, nyuzi 90 pale pale unapokata, na kukaribia 180 chini zaidi. Njia mbili zikiwa sawa kwa ukubwa hutasikia kitu, hasara haizidi desibeli 1 au 2. Lakini ukifanya njia A iwe kubwa kuliko B kwa desibeli 12, kama wapiga besi wa roki wanavyopenda, na umekata kwenye hezi 200, tundu la zaidi ya desibeli 4 linafunguka karibu na hezi 80. Hapo ndipo noti za kati za besi zinapoishi. Ajabu ni kwamba katika mpangilio huu peda inayogeuza wimbi, ile tuliyoilaani juu, inaziba tundu hilo. Kwa hiyo pima kabla ya kutupa.

Wapo wanaoweka pia kichujio cha kukata juu kwenye njia B, masafa yaleyale, ili besi safi iwe ya chini tupu. Ukifanya hivyo kwa vichujio viwili vya desibeli 12, mawimbi yanakutana yakiwa yamepishana nyuzi 180, na palepale unapokatia kunakuwa na shimo tupu. Lazima njia moja igeuzwe. Bila swichi ya kugeuza, acha besi safi iwe kamili.

Kichujio cha pili kinakaa baada ya distosheni, bado kwenye njia A, na kinakata juu kuanzia kilohezi 4 au 5. Kwenye ampu yenye spika za inchi 10 bila twita (spika ndogo ya sauti za juu) hutakihitaji, maana spika zenyewe zinachuja. Lakini makanisani na kumbi nyingi besi inaingia mixa moja kwa moja kupitia DI (kisanduku cha kuunganisha ala na mixa), na spika za ukumbi zina twita zinazofika kilohezi 16 na zaidi. Kinachosikika ni mlio wa nyuki juu ya besi. Fundi mitambo akijaribu kuuondoa kwa nobu ya High ya mixa, anaondoa na mguso wa vidole kwenye besi safi, kwa sababu kwake njia hizo mbili zimeshakuwa moja. Kwa hiyo usimwachie. Chuja kwenye njia A kabla hazijakutana.

Cha tatu ndicho cha kununua kwanza hata kabla ya LS-2. Kinakaa mwisho wa mnyororo, baada ya Output, na kinakata zile za chini kabisa, karibu hezi 35. Hakuna noti ya kuipoteza huko. Besi ya nyuzi nne inaanzia 41, na kichujio cha desibeli 12 kwa oktavi kilichowekwa 35 kinaipunguza desibeli 2 pungufu kidogo. Ya nyuzi tano yenye B ya hezi 31 inapoteza desibeli 4 kwenye msingi wake, ila kwenye hezi 62, ambako masikio yanaitambua noti hiyo, inapoteza chini ya nusu desibeli. Kinachokatwa hasa ni kishindo cha kiganja kikigusa nyuzi, dole gumba likitua juu ya pikapu, na mtetemo wa jukwaa la mbao. Peda ya oktavi nayo ina sehemu yake: OC-2 ya Boss ikishusha A ya wazi inatoa hezi 27.5, ambazo spika nyingi za ampu haziwezi kuzitoa lakini koni inajaribu. Kila ukishuka oktavi moja kwa sauti ileile, koni inatakiwa kusafiri mara nne zaidi. Kwenye kabati lenye tundu la hewa, chini ya masafa ya hilo tundu hewa haiishikilii koni tena, inapiga mbele na nyuma bila breki. Spika inaungua au kuchanika kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Ukitazama koni ikicheza sana wakati besi imenyamaza, hicho ndicho kilichokosekana.

Thumpinator ya SFX inafanya kazi hii bila nobu hata moja: inakata karibu hezi 30, basi. HPF-Pre ya fdeck ina nobu ya kuchagua, na ukumbi wenye mwangwi mzito unaishukuru nobu hiyo, kwa sababu unaweza kupanda hadi 60 au 70 besi ikaanza kueleweka. Ikwalaiza si mbadala. GEB-7 ya Boss ina kitelezi cha hezi 50, ila ukikishusha kinakata kilima kuzunguka 50 na kuiacha tetemeko ya hezi 15 ikipita. Kitufe cha kukata chini kwenye mixa ndogo nacho si mbadala: kwenye nyingi kiko hezi 80 au 100, na kwa 80 E ya wazi inashuka karibu desibeli 12. Ukisikia besi ya kanisa ikiwa nyembamba bila sababu, angalia kitufe hicho kwanza.

Ikiwa una kompresa mwanzoni mwa mnyororo, kichujio hiki kiweke kabla yake, ama sivyo kila kishindo cha kiganja kitaibana na noti inayofuata itazama. Mvumo wa umeme, hata hivyo, hakitauondoa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kati ya E ya wazi na A ya wazi, na adapta ya bei rahisi isiyosawazisha volti vizuri inavuma kwenye 100. Tafuta adapta ya volti 9 iliyotulia, hasi ikiwa katikati. LS-2 ina tundu la kutoa umeme kwenda peda nyingine, na ni zuri kwa analogi mbili tatu. Ukiunganisha na ya kidijitali mara nyingi utasikia mlio mwembamba kama mbu. Vilevile haina transfoma ya kutenganisha, kwa hiyo ukiitumia kutuma sauti kwenye ampu mbili zilizochomekwa soketi mbili tofauti, mvumo unaweza kuanza papo hapo.

Neno kuhusu nafasi ya juu, yaani ukubwa wa wimbi ambao peda inaweza kubeba kabla ya kupasuka. Peda ya volti 9 kinadharia inaweza kubeba wimbi la volti 9 kutoka kilele hadi bonde, kiutendaji pungufu. Besi inayosoma milivolti 500 kwenye multimita ukiikuza desibeli 20 kwa Level itasoma volti 5, na hizo kutoka kilele hadi bonde zinataka volti 14. Haipo. Inapasuka ndani ya LS-2 yenyewe, kwa namna mbaya isiyo na ladha, na utadhani distosheni ndiyo mbovu. Ukijikuta unahitaji Level zaidi ya robo tatu, nobu ya volyumu ya peda iliyo kwenye njia hiyo ndiyo iliyo chini mno. Panda huko kwanza.

Kwa anayetumia distosheni moja yenye nobu yake ya kuchanganya, kama ODB-3 ya Boss yenye Balance au SansAmp Bass Driver yenye Blend, LS-2 haina kazi ya maana; hela hiyo iende kwenye kichujio cha mwisho. Kwa mwenye distosheni ya gitaa anayoipenda, isiyo na nobu hiyo, ni ununuzi mzuri, na ya mtumba haina shida kwa sababu kisanduku ni kigumu. Ukienda kuikagua, chukua vipande vitatu vya kebo fupi na upitie nafasi zote sita. Tikisa kila jeki. Halafu zungusha Level zote mbili polepole besi ikilia: ikikwaruza, ni vumbi, dawa ya kupuliza inatosha, ikikatika sehemu ileile kila mara, kaboni imelika ndani, na nobu hiyo itabidi ibadilishwe, kwa hiyo bei ishuke kabla ya kutoa hela.